Bustani ya Mboga Minnesota Kabla ya Baridi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya watu wa Minneapolis, St. Paul na vitongoji vyake: wenye matuta nyuma ya nyumba, wenye kipande kwenye bustani ya jamii, na wenye ndoo tatu nne kwenye baraza. Anayelima kaskazini zaidi, upande wa Bemidji, aanze kila kitu mapema kuliko tarehe zilizotajwa hapa.

Sakitu ya kwanza huja lini?

Sakitu, yaani baridi inayogandisha umande juu ya majani, kwa kawaida huja kati ya wiki ya mwisho ya Septemba na katikati ya Oktoba. Katikati ya jiji lami na majengo hutunza joto, kwa hiyo bustani za huko hupata siku kadhaa za nyongeza. Vitongoji vya nje na sehemu za mabondeni hupigwa kwanza, kwa sababu hewa baridi ni nzito na hutelemka.

Hizo ni tarehe za wastani tu. Ikishapita Siku ya Wafanyakazi, ile Jumatatu ya kwanza ya Septemba, achana na kalenda uanze kufuata utabiri wa usiku. Usiku ukiwa na nyota, hauna upepo wala mawingu, na utabiri unasema nyuzi 36 za Farenhaiti (kama 2 za Selsiasi), chukulia kwamba sakitu itaanguka ingawa namba haijafika sifuri. Kipimajoto cha kituo cha hali ya hewa hufungwa juu, karibu kimo cha mtu. Majani yaliyo chini hupoteza joto lake angani na kupoa kuliko hewa inayopimwa.

Waliokulia Kinangop, Limuru au Makete wanaifahamu kazi ya sakitu kwenye shamba la viazi. Waliokulia Pwani huwa wanabisha mpaka waone. Nyumbani mmea huzeeka taratibu na unapata muda wa kuuvuna kidogo kidogo. Hapa mchicha unauacha jioni ukiwa umesimama, asubuhi una weupe pembezoni mwa majani, na jua likiupata unageuka mweusi na kulegea kama mboga iliyosahaulika jikoni. Hakuna cha kuokoa saa hiyo.

Basi nivune nini kwanza?

Panga kwa woga wa baridi, wala usipange kwa ukubwa wa mmea au kwa unachokipenda zaidi.

Mrehani hutangulia. Huo huanza kupata madoa meusi joto likishuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, kabla hata ya sakitu kutajwa. Wanaofuata ni watoto wote wa nchi za joto: mchicha, managu, kunde, maharage mabichi, matango, bamia, biringanya, pilipili, nyanya, majani ya maboga, viazi vitamu. Hawa wote huisha usiku mmoja joto likigusa sifuri au chini yake kidogo. Viazi vitamu vichimbwe kabla udongo wenyewe haujapoa chini ya nyuzi 10, maana kiazi kilichopigwa baridi ardhini huoza baadaye ghalani bila kuonyesha dalili yoyote siku ya kuchimba.

Kundi la pili hustahimili sakitu nyepesi: spinachi ya majani mapana, dania, saladi, bitiruti. Likifika nyuzi 28 za Farenhaiti (karibu 2 chini ya sifuri) kwa saa kadhaa, majani ya spinachi pana na saladi huharibika, ila bitiruti yenyewe iko salama ardhini kwa muda.

Kundi la tatu halina haraka: sukuma wiki, kabichi, karoti, liki. Kosa la kila mwaka kwenye bustani za jamii ni mtu kusikia neno "baridi" akang'oa sukuma wiki yote Septemba, huku managu yakiachwa kungoja Jumamosi.

Sukuma wiki nayo huvumilia mpaka lini?

Hii ndiyo mboga ya kujivunia hapa. Hustahimili mpaka kama nyuzi 7 chini ya sifuri, na mmea uliozoea baridi polepole huweza kuvuka hapo kidogo. Baridi ikianza, mmea hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari hiyo huzuia maji ya ndani ya seli yasigande kwa urahisi. Ndiyo maana sukuma wiki ya mwisho wa Oktoba ina utamu ambao ya Julai haina. Karoti nazo hufanya vivyo hivyo.

Chuma majani ya chini kwanza na uache kilele kiendelee. Usichume asubuhi yakiwa yameganda. Ukiyashika yanavunjika, na pale uliposhika panaoza. Ngoja jua liyayeyushe, karibu saa tano hivi, yatasimama tena kana kwamba hakuna lililotokea.

Mwishowe itakufa. Ramani ya kanda za mimea ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyotolewa mwaka 2023 imeiweka Minneapolis kanda ya 5a na vitongoji vingi vya jirani 4b, maana yake usiku mkali kabisa wa mwaka hushuka nyuzi 26 hadi 32 chini ya sifuri. Sukuma wiki iliyosimama wazi haivuki hapo. Kula mpaka sikukuu ya Shukrani ya Novemba ni jambo la kawaida. Zaidi ya hapo ni bahati.

Mchicha na managu yangu yametoa maua Agosti na majani yamekuwa madogo. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Mchicha hufuata urefu wa siku. Hapa siku za Juni zina zaidi ya saa 15 za mwanga, na zinapoanza kufupika mmea huona msimu unakwisha na kukimbilia mbegu. Managu pia hukomaa na kuzaa matunda kipindi hicho. Kata vilele vyenye maua mapema ili upate majani wiki mbili tatu zaidi, kisha uache mimea miwili iliyo bora kwa ajili ya mbegu.

Nihifadhije mbegu za managu na mchicha?

Inafaa kujifunza, kwa sababu mbegu za managu hazipatikani kwenye maduka ya kawaida ya hapa.

Managu: subiri matunda yaive kabisa, yawe meusi au ya chungwa kulingana na aina, na yalegee. Mabichi ya kijani hayafai kwa mbegu, na yasiliwe, yana sumu. Yaponde ndani ya bakuli la maji. Mbegu nzima huzama, maganda na nyama huelea. Mwaga juu, ongeza maji, rudia mpaka maji yawe safi. Zianike kwenye kitambaa kivulini, usitumie tanuri.

Mchicha ni rahisi zaidi. Mama mmoja Mkisii tunayepakana naye matuta huinamisha shada lililokauka ndani ya beseni pana, analisugua kati ya viganja viwili, halafu anasimama mlangoni mwa geraji siku ya upepo mdogo na kumimina kutoka beseni moja hadi jingine. Makapi yanakwenda, mbegu nyeusi zinazong'aa zinabaki chini. Shada moja hutosha matuta ya ukoo mzima.

Weka kwenye bahasha ya karatasi yenye jina na mwaka, kisha ndani ya chupa iliyofungwa, mahali pakavu na baridi. Sakitu ikikaribia kabla mbegu hazijakomaa, kata mashada uyamalizie kukausha ndani.

Nikifunika mimea usiku, inasaidia?

Inasaidia sana kwa sakitu ya kwanza, kwa sababu mara nyingi baada ya usiku mmoja au miwili ya baridi hurudi wiki nzima ya joto. Kwa usiku huo mmoja tu unaweza kupata nyanya za siku kumi nyingine.

Tumia mashuka makuukuu, mablanketi mepesi, au kitambaa cheupe chepesi kinachouzwa kwa kazi hiyo. Funika kabla jua halijazama, joto la udongo likiwa bado lipo, na ushushe kitambaa mpaka chini, ukibane kwa mawe. Joto linatoka ardhini. Ukifunga kitambaa shingoni mwa mmea kama kilemba umeliacha lote nje. Nailoni ikigusa majani huyaunguza palepale inapogusa, hivyo iwekee fito chini yake. Asubuhi funua.

Kinga hiyo ni ya nyuzi chache tu. Utabiri ukisema 25 za Farenhaiti (4 chini ya sifuri), usihangaike na mashuka, vuna.

Nina ndoo nzima ya nyanya za kijani. Zitaiva ndani?

Zilizokomaa zitaiva, changa hazitaiva hata ukizisubiri hadi Krismasi. Iliyokomaa imefikia ukubwa wake, ngozi inang'aa, na rangi imeanza kupauka au kuwa nyeupe kidogo upande wa chini. Kata moja ya mfano: kama kisu kinapita kati ya mbegu badala ya kuzikata, na kuna ute kuzizunguka, zenzake za umbo hilo zitaiva.

Zitandaze safu moja kwenye boksi, zisigusane, na gazeti juu. Mwanga wa dirisha hauhitajiki, nyanya huiva kwa joto na kwa gesi ya ethilini inayotolewa na tunda lenyewe. Kwenye nyuzi 18 hadi 21 huchukua kama wiki mbili, na mahali penye 13 hivi huchukua wiki tatu hadi nne. Ndizi mbivu au tufaha ndani ya boksi huharakisha. Chini ya nyuzi 10 haziivi vizuri na ladha hupotea, kwa hiyo zisiingie kwenye friji wala geraji ya Novemba. Kagua kila baada ya siku mbili, toa iliyoanza kuoza.

Changa kabisa zigeuze kachumbari ya siki au uzikaange na vitunguu na pilipili. Zina uchachu unaoendana vizuri na dengu.

Maboga yatunzwe vipi yafike Februari?

Boga huwa tayari pale ukucha unaposhindwa kutoboa ganda na kikonyo kimeanza kukauka. Kata kwa mkasi au kisu, uache kikonyo cha sentimita tano hadi kumi, na usilibebe kwa kikonyo. Kikivunjika, hapo ndipo mlango wa kuoza. Sakitu nyepesi ikiua majani si neno, ila maboga yaondoke shambani kabla ya baridi kali, kwa maana ganda likipigwa hukaa siku chache tu.

Aina nyingi hufaidika zikikaa siku kumi hivi mahali pa joto, nyuzi 27 hadi 29, ganda likakauka na michubuko ikapona. Karibu na chumba cha tanuru la nyumba panafaa. Baadaye zihamie penye nyuzi 10 hadi 13, pakavu, zisibebane. Boga dogo la kijani lenye mifereji, lile waliitalo acorn, halihitaji joto hilo; hilo liliwe mapema.

Sina ghala. Viazi, vitunguu na karoti niviweke wapi?

Kila kimoja kina mahali pake, na kuviweka vyote kwenye kapu moja chini ya sinki ndiko kunakovimaliza.

Viazi vya kizungu: vikishakauka majani, viache ardhini wiki mbili ngozi ikomae. Chimba, usivioshe, viweke gizani penye nyuzi 10 hadi 15 kwa wiki mbili, ndipo uvisogeze penye nyuzi 4 au 5. Kona ya besimenti iliyo mbali na tanuru, upande wa ukuta wa nje, mara nyingi hufaa. Giza ni sharti, kwani mwanga huvigeuza kijani na kuleta sumu ya solanini. Vikikaa kwenye friji baridi sana wanga wake hugeuka sukari, na chipsi zake zitakuwa nyeusi kabla hazijaiva ndani.

Vitunguu maji: vuna shingo zikilala zenyewe. Vikaushe wiki mbili tatu penye hewa, shingo ziwe kavu kabisa, halafu vining'inize kwenye neti mahali pakavu na baridi. Usivichanganye na viazi, maana unyevu wa viazi huvichipusha.

Karoti ni kinyume cha vitunguu, zinataka unyevu mwingi na baridi ya karibu sifuri. Kata majani yote ukibakiza sentimita moja, uzipange kwenye ndoo kwa safu na mchanga ulioloweshwa kidogo. Zisikae na matufaha, ethilini huzifanya chungu. Njia nyingine ni kuziacha ardhini chini ya nyasi kavu za unene wa sentimita 30 na kuchimba unapohitaji, hadi udongo ugande. Weka fimbo ndefu kuonyesha mstari, kwa kuwa chini ya theluji bustani yote inafanana.

Mboga za majani nazigandishaje zisiwe na ladha ya nyasi?

Ladha hiyo hutokana na kuzitia kwenye friza zikiwa mbichi. Majani yana vimeng'enya vinavyoendelea kufanya kazi polepole hata kwenye ubaridi, vikiharibu rangi na ladha. Dawa yake ni maji yanayochemka.

Osha, toa vijiti vigumu, katakata unavyopenda. Chemsha maji mengi kwenye sufuria kubwa. Sukuma wiki ngumu ikae humo dakika 3. Mchicha, managu, kunde na spinachi dakika 2. Hamishia mara moja kwenye maji ya barafu kwa muda uleule, kamua kwa mikono, kisha fungasha kwa kipimo cha mlo mmoja. Toa hewa yote na ubane mfuko uwe bapa, utapangika kama vitabu na kuyeyuka haraka. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hukaa na ubora wake miezi 8 hadi 12. Ukipika, zitupie moja kwa moja kwenye kitunguu kinachokaangwa bila kuyeyusha.

Nyanya na pilipili hazihitaji kuchemshwa. Osha, kausha, gandisha nzima. Nyanya ikiyeyuka chini ya bomba ganda lake huvuka lenyewe.

Je, naweza kuweka sukuma wiki kwenye chupa za kioo kama majirani wanavyofanya na nyanya?

Hapa tuwe wakali. Mboga za majani, maharage na mboga nyingine zisizo na asidi hazihifadhiwi kwa kuchemshia chupa kwenye sufuria ya kawaida. Mbegu za bakteria wa botulini hustahimili maji yanayochemka, na ndani ya chupa isiyo na hewa hutengeneza sumu isiyo na harufu wala rangi, inayoweza kuua. Inahitajika sufuria maalumu ya presha ya kuhifadhia chakula, iliyo tofauti na presha kuka ya kupikia maharage, pamoja na vipimo vilivyothibitishwa. Chuo Kikuu cha Minnesota kupitia idara yake ya ugani hutoa maelekezo hayo bure.

Hata nyanya, zenye asidi, ziongezewe vijiko viwili vikubwa vya maji ya limao ya chupa la dukani kwa kila chupa ya kwoti moja (karibu lita moja). Ya dukani, kwa sababu asidi yake ni ileile kila mara. Limao bichi hubadilika.

Kama ni mara yako ya kwanza, friza inatosha.

Vipi kuanika juani kama mlenda wa Dodoma?

Jua la Oktoba hapa liko chini na hewa ina unyevu wa usiku. Mboga huota ukungu kabla ya kukauka. Tumia mashine ya kukaushia au tanuri lenye joto la karibu nyuzi 60, mlango ukiwa wazi kidogo.

Naweza kuingiza pilipili ndani?

Ndiyo, na ni mojawapo ya raha ndogo za Januari. Pilipili ni mti wa miaka mingi uliolazimishwa kuishi mwaka mmoja. Kabla ya sakitu ihamishie chungu, punguza matawi kwa theluthi mbili, mwagia maji majani na chini yake kuondoa vidukari, kisha uiweke dirisha la kusini. Itadondosha majani na kuonekana imekufa. Mwagilia kidogo tu. Mei itakuwa na shina nene na itazaa mapema kuliko miche mipya.

Ning'oe kila kitu au niache?

Inategemea kilikuwa na afya kiasi gani. Mimea ya nyanya iliyopata baka jani iondolewe yote pamoja na majani yaliyoanguka, isiingie kwenye lundo la mboji la nyumbani, maana malundo mengi hayapati joto la kuua vimelea. Mashina ya maboga nayo yatolewe, wadudu wake hulala karibu hapo.

Maharage na kunde kata usawa wa udongo uache mizizi ioze humohumo. Magugu yenye mbegu yang'oe mapema, kazi ya saa moja Oktoba ni ya wiki nzima Juni. Bustani nyingi za jamii hutaka vipande visafishwe kufikia Oktoba na hufunga maji kabla ya kuganda, hivyo soma sheria za kwenu.

Ukiwa hapo, chora ramani ya nini kilikuwa wapi. Nyanya, viazi, biringanya, pilipili na managu ni ukoo mmoja na hushambuliwa na magonjwa yaleyale. Watu wetu wengi huhamisha nyanya kwa uangalifu kisha hupanda managu palepale nyanya zilipougua.

Majani ya miti yote haya, nifanye nini nayo?

Chukua yote unayoweza kupata kwa jirani unayemwamini. Pitisha mashine ya kukatia nyasi juu yake yawe vipande, kwa kuwa majani mazima hushikana na kuzuia maji. Tandaza unene wa sentimita 10 hadi 15 juu ya matuta yaliyosafishwa. Masika utakuta nyungunyungu wameyavuta nusu yake chini. Yanayobaki changanya kwenye mboji: takriban sehemu tatu za majani makavu kwa moja ya mabaki mabichi, lundo lisiwe chini ya mita moja kila upande. Litaganda Desemba na kuendelea na kazi Aprili.

Uliza mambo mawili kabla ya kubeba mifuko ya mtu. Kwanza, kama nyasi zake zilipigwa dawa ya kuua magugu. Pili, kama ana nyungunyungu warukao kutoka Asia, ambao wameenea sehemu kadhaa za Minnesota. Wanaojikunjakunja kwa nguvu ukiwagusa na kuacha udongo wa chembechembe zisizoshikana, ndio hao. Wakubwa hufa kwa baridi lakini mayai yao husafiri ndani ya majani na mboji.

Samadi mbichi, kama unaipata, wakati wake ni huu. Ichanganye na udongo kabla haujaganda. Kanuni ya usalama ni siku 120 kati ya samadi mbichi na mavuno ya mboga inayogusa udongo, na majira ya baridi hukumalizia hesabu hiyo bila usumbufu.

Udongo upimwe sasa au masika?

Sasa. Maabara ya kupima udongo ya Chuo Kikuu cha Minnesota, iliyoko St. Paul, hupokea sampuli kwa posta na huwa na msongamano masika. Ukishauriwa kuongeza chokaa, nayo huhitaji miezi kadhaa kufanya kazi.

Kitunguu saumu kinapandwa Oktoba kweli? Si kitaganda?

Kitaganda, na ndivyo kinavyotaka. Punje isiyopitia wiki za baridi haigawanyiki vizuri. Utavuna donge moja la mviringo badala ya kichwa chenye punje.

Panda wiki moja au mbili baada ya sakitu ya kwanza ya kuua mimea, hivyo kwa kawaida ndani ya Oktoba. Chagua aina za shina gumu, hizo ndizo zinazovumilia Minnesota. Cha dukani kwa kawaida ni cha shina laini kutoka sehemu za joto, na huenda kimetiwa dawa ya kuzuia kuchipua, kwa hiyo tafuta mbegu kwa mkulima wa hapa kwenye soko la wakulima.

Tenganisha punje siku ya kupanda, usizimenye. Chagua kubwa, ndogo zipeleke jikoni, kwani punje kubwa huzaa kichwa kikubwa. Ncha juu, kitako chini, kina cha sentimita 5 hadi 7, nafasi ya 15 kati ya punje na punje. Mwagilia kama hakuna mvua. Kisha funika kwa nyasi kavu za ngano, sentimita 10, na zaidi kidogo kwenye tuta la kuinuliwa kwa mbao ambalo hupoa pande zote. Mizizi hushika kabla ardhi haijaganda, na jani husubiri masika. Theluji ikija usiiondoe, ni blanketi la bure. Kinachoua ni baridi kali juu ya udongo mtupu, au kuganda na kuyeyuka kwa zamu kunakoisukuma punje juu.

Juni kata kikonyo cha ua kilichojiviringisha, ukipike na mayai. Julai, majani ya chini yakianza kukauka, chimba.

Mpira wa maji, ndoo na jembe?

Mpira uchomolewe kwenye bomba la nje na umwagwe maji. Ukibaki umefungwa, maji yaliyonaswa huganda na kupasua bomba ndani ya ukuta, na utagundua Aprili ukifungulia. Vyungu vya udongo vimwagwe na viingie ndani, vinginevyo vitapasuka. Jembe na koleo vipanguswe, vipakwe mafuta. Usingoje Novemba: mwaka 1991 theluji ilianza tarehe 31 Oktoba, na ilipokoma siku tatu baadaye Minneapolis na St. Paul zilikuwa na zaidi ya sentimita 70.

Naweza kulima chochote kati ya Desemba na Februari?

Kuvuna ndiyo, kukuza hapana. Hata chini ya handaki la nailoni, yaani nailoni iliyotandazwa juu ya fito zilizopindwa, kikwazo cha kwanza ni mwanga. Tangu mwanzoni mwa Novemba hadi mwanzoni mwa Februari mchana wa Minneapolis una chini ya saa 10, na siku fupi kabisa haifiki saa 9. Kwa mtu aliyezoea saa 12 za Ikweta mwaka mzima hili humsumbua hata mwilini, sembuse mmea. Mboga husimama tu.

Unachoweza ni kupanda spinachi ndogo ya majani laini mwanzoni mwa Septemba, ikue kiasi, kisha uifunike kwa kitambaa na handaki. Ikinusurika, na mara nyingi hunusurika, Aprili itaanza kukua kabla hujapanda kitu kingine.

Ndani ya nyumba, dania na majani ya vitunguu huota vizuri chini ya taa. Miche ya managu na nyanya isianzishwe kabla ya mwisho wa Machi. Ikitangulia hurefuka na kulegea.

Nitajuaje udongo uko tayari tena?

Serikali ya jimbo hutaka misingi ya nyumba eneo hili ichimbwe inchi 42, zaidi ya mita moja, ili ipite chini ya ardhi inayoganda. Kuyeyuka kunachukua muda. Aprili, chota udongo kiganjani, ukamue, kisha uubonyeze kwa kidole gumba. Ukivunjika vipande, anza na njegere, spinachi na vitunguu. Ukibaki donge linalotoa maji, ondoka juu ya tuta na ujaribu tena wiki ijayo. Sukuma wiki inaweza kutoka nje mwisho wa Aprili. Nyanya, managu na mchicha zisubiri katikati ya Mei ipite, na mashuka yale yawe karibu na mlango.